Skafu Niliyoiimbia Kupita Kiasi

Sufu iliyolowa inanuka kondoo. Usidanganywe na mtu atakayekuambia inanuka vizuri. Ukiongeza sabuni ya mawese na maji ya moto, harufu inapanda puani na kukaa huko mpaka jioni, na mwaka nilipokuwa na miaka kumi, miezi yote ya baridi nyumba yetu ya Kamalondo ilinuka hivyo. Shule nilikuwa nimeiacha baada ya darasa la tatu. Nilikuwa mikononi mwa shangazi yangu Kapinga, dada ya baba, aliyefundishwa kufuma na masista huko Kasai kabla ya kuja Lubumbashi. Sote tulimwita Tantine. Alifuma skafu, na watu walizitaka, maana baridi ya Juni katika mji huu haina mchezo.

Skafu zake hazikuwa laini kama za dukani. Nyuzi za kwenda urefu zilikuwa pamba. Zile za kukatiza zilikuwa mchanganyiko: hapa sufu tuliyoifumua kutoka triko, yaani sweta kuukuu, za Wazungu, pale rafia, nyuzi za majani ya mwale, aliyoichambua kwa kucha mpaka ikawa nyembamba kama unywele. Kikitoka kwenye kitanda cha kufumia, kitambaa kilikuwa bapa na cha ovyo, ungekitupa. Kazi ilikuwa bado. Tulikitia katika beseni la maji ya moto yenye sabuni, tukakikanyaga kwa miguu mitupu. Sufu ikipata moto inajikunja na kushikamana. Pamba haijikunji, basi inakosa pa kwenda, inavimba vijipele vijipele kama ngozi ya kiwiko cha mzee. Rafia inabaki iking'aa katikati. Ukikanyaga kidogo, kinafumuka. Ukizidisha, kinakuwa kigumu kama soli ya kiatu, wala hakirudi. Saa hatukuwa nayo. Tantine alipima kwa wimbo wa kanisa wenye beti mbili: uimbe mara nne, utoke. Na sheria yake ilikuwa moja: msichana haketi kwenye kitanda cha kufumia kabla hajakanyaga skafu nzima peke yake, ikatoka sawa. Mimi nilikitaka kile kitanda kuliko chakula.

Siku yangu ikafika. Tantine alinipa skafu ya Bwana Ramazani, fundi cherehani jirani yetu, mtu wa Maniema, aliyeshona barazani kila asubuhi huku akikohoa. Kisha akaenda sokoni. Nikaingia katika beseni, nikaanza kuimba. Zaina, binti wa fundi, aliyekuwa umri wangu, akachungulia juu ya ukuta.

"Ah, ndo wimbo yenu hiyo?" akacheka. "Iko fupi! Kwetu muntu anaimba mpaka jua inapanda."

Afadhali ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilimwimbia beti zote nilizojua, hata za Noeli, na zilipokwisha nikatunga zangu, moja ikimtaja yeye na meno yake. Alicheka mpaka akadondoka kutoka ukutani. Nilipotoka katika beseni, skafu ya mtu mzima ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Niliivuta. Niliitundika, nikaifunga mawe. Mawe yalining'inia tu. Skafu yenyewe haikunyooka hata ukucha mmoja.

Tantine aliporudi nikasema sufu ilikuwa mbaya. Hakunipiga. Alikaa juu ya kigoda, akaweka miguu sakafuni.

"Sawa. Imba vile uliimba."

Nikaimba beti mbili, mara nne, naye akakanyaga sakafu taratibu. Nilipomaliza aliibonyeza ile skafu kwa kidole gumba.

"Bongo," akasema, na kwetu neno hilo maana yake ni uongo. "Hii imesikia mambo mingi. Imba yote."

Nikaimba yote, pamoja na meno ya Zaina. Niliona midomo ya Tantine ikicheza, lakini hakucheka. "Kitanda, mwaka kesho," akasema, akainuka kwenda kupika.

Nililia siku tatu. Bwana Ramazani alifumiwa nyingine, lakini ile ngumu aliichukua pia, akaikata vipande viwili na kujifunga magotini. "Magoti nayo iko na baridi, mama," alimwambia Tantine. Kwa hiyo kila asubuhi niliiona aibu yangu pale barazani, ikipanda na kushuka chini ya cherehani. Juni iliyofuata nilikanyaga skafu yangu, Zaina akiwa ukutani, mimi macho chini. Ikatoka sawa. Niliketi kwenye kitanda siku hiyohiyo, na kwa kazi hiyo nimelea watoto sita. Nasema kwa majivuno, kwa sababu ni kweli.

Leo skafu zinatoka katika balo za mitumba, bei ya chini kuliko uzi wangu. Hata hivyo, mjukuu wangu anayekaa Ruashi, mwenye diploma, alikuja wakati wa baridi uliopita na simu mkononi: "Kaku," ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, "nikanyage dakika ngapi?" Alitaka pia kuketi kwenye kitanda, siku ileile, kabla hajalowesha hata kidole. Nilimketisha. Skafu yake ya kwanza imepinda kama barabara ya Kilwa ya huku kwetu, na nilimwambia hivyo. Tantine angesema nimelegea. Aseme. Yeye alikuwa bado kijana aliponiambia mwaka kesho. Mimi nina miaka sabini na mbili, sina mwaka mzima wa kumwadhibu mtoto.