Bertilla: Kazi yangu ni kuhesabu winchi, si kusikiliza maneno

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjini Sumbawanga. Upepo unakata masikio. Bertilla Zenon amesimama kando ya barabara, amevaa koti la mtumba linalomfika magotini, macho yake yako juu ya jengo la ghorofa tano. Watu wanamsalimu, naye anaitikia bila kushusha uso.

"Ngoja kwanza, usinisemeshe," anamwambia mwandishi. "Naitazama ndoano."

Ndoano anayoisema ni ile inayoning'inia kwenye winchi ndefu, yenye mkono unaopita juu ya mapaa ya watu. Mwaka huu mji una winchi nne za aina hiyo. Bertilla, mwenye miaka 47, huzizungukia zote kwa baiskeli kila asubuhi, kisha hupita mitaani kuhesabu nyumba zilizosimamishiwa mirunda, zile nguzo za miti zinazoshikilia zege mpaka likauke.

Hesabu hiyo anaipeleka mtaa wa Majengo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mwantum Shamsi. Ndiyo inayomwambia Mwantum aagize saruji kiasi gani kutoka Mbeya. Kwa kazi hiyo Bertilla analipwa Sh10,000 kwa siku.

Leo Mwantum anataka jibu kabla ya saa nne, maana dereva anasubiri kupakia. Safari hii Bertilla akikosea, kazi hana. Ameshaambiwa hivyo waziwazi.

Tena jibu lenyewe si jepesi. Winchi ya jengo hili ndiyo inayobeba kazi kubwa kuliko zote mjini, na ina siku tisa haijainua kitu. Mtaa mzima unasema mkandarasi kaishiwa, anafunga virago.

Bertilla alizaliwa Mwazye, kwa wazazi wakulima wa mahindi na ulezi. Alikuja mjini akiwa na miaka 22, akawa saidia fundi, kazi ya kubeba maji na kokoto kichwani. Aliifanya miaka kumi na minne, hadi goti likamkatalia ngazi.

"Nilikuwa nakaa pale dukani kwa Mama Mwantum nikipumzisha mguu," anasimulia. "Namsikia anaagiza mzigo kwa kubahatisha. Nikamwambia, mama, wiki hii usilete, watu wanajenga kuta tu, hakuna anayemwaga zege. Akanicheka. Wiki ilipoisha akaniita."

Miaka tisa mambo yakaenda vizuri. Halafu, mwaka juzi, akaumbuka.

Ilikuwa winchi ya jengo jingine, karibu na stendi. Kila asubuhi Bertilla aliukuta mkono wake umehama, jana umeelekea milimani, leo umeelekea sokoni. Akaandika: inafanya kazi. Mwantum akaleta mifuko 600.

Kumbe kazi ilikuwa imesimama mwezi mzima! Mwendeshaji wa winchi akiondoka huuachia mkono uzunguke wenyewe kufuata upepo, usije ukashindana nao mnara ukaanguka. Na upepo wa huku juu Ufipa haulali. Mvua zikaingia, mifuko 140 ikagandia stoo.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Bertilla. "Nilikuwa nauhesabu upepo, baba yangu! Wakanipa jina, Mama Upepo. Nililia siku mbili."

Mwantum hafichi kwamba alikasirika. "Nilimwambia, dada Bertilla, nakupa nafasi moja tu. Mimi nina watoto wanasoma."

Tangu hapo mkono wa winchi hauangalii. Anaangalia ndoano, kama imebeba mzigo. Na isipobeba, kama leo, anatafuta kwa nini.

Mwandishi anapendekeza amuulize mlinzi. Bertilla anacheka sana. "Mlinzi ameambiwa aseme kazi inaendelea. Hata jengo likihamishwa atasema inaendelea."

Badala yake anazunguka nyuma ya uzio na kuinama. Maji yanachuruzika kutoka sakafu ya ghorofa ya tano. Chini yake mirunda imebana vilevile, hakuna hata mmoja ulioondolewa. Juu zimechomoza nondo za nguzo, nazo waya zilizozifunga bado zinang'aa, hazijapata kutu.

"Umeona?" anauliza, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Zege linamwagiliwa. Mtu anayetaka kukimbia amwagilie zege kila asubuhi ili iweje? Hawa wanasubiri likomae. Nguzo zinafuata."

Saa tatu na nusu yuko dukani. Abuu, mwenye duka la jirani, amekwisha kufuta oda yake. "Mama Upepo, leo mkono unazunguka?" anamtania. Wateja wanaangua kicheko.

Bertilla anamgeukia Mwantum. "Leta mifuko mia sita."

"Mia sita? Na mvua hizi?"

"Mia sita, mama. Nimeona kwa macho yangu."

Mwantum anapiga simu Mbeya. Bertilla anapokea kikombe cha chai na kukiri kwamba anaogopa.

Mzigo unafika Jumapili. Jumatatu saa mbili asubuhi ndoano inashuka, inapanda na ndoo ya zege. Saa tano gari la mkandarasi limesimama mbele ya duka la Mwantum. Hadi Jumatano imebaki mifuko arobaini, na Abuu amekuja kuomba auziwe ishirini. Safari hii anasema "dada Bertilla", tena kwa adabu.

Bertilla ana mpango wake. Mwakani anataka kuyahesabia pia maduka mawili ya mji wa Matai, ambako ujenzi unakua, na amfundishe binti yake Faith kazi hiyo wakati wa likizo.

Alhamisi, Mwantum anasogeza daftari la oda mezani. Bertilla anaanza kueleza alichokiona asubuhi, waya, mirunda, maji.

"Basi, dada, usinieleze," Mwantum anamkatiza. Anamsukumia simu. "Dereva yuko hewani. Mwambie mwenyewe apakie mingapi."