Picha ya Leseni Isiyo na Kovu Langu

Leo askari ameniuliza kama nimemletea picha ya mwanangu.

Nilikwenda kuomba leseni ya bastola. Sababu mnaijua: majambazi walituvamia malishoni Kipsing tukichunga, wakamuua ndugu yangu, nami wakaniachia kovu hili shavuni.

Masharti ya picha niliyafuata yote. Nilivua kofia, masikio yakaonekana, sikutabasamu. (Hilo la mwisho halikunipa taabu.)

"Mzee, hii imesafishwa," askari akasema. "Kovu liko wapi?"

Nikarudi mtaani Bulla Pesa kwa mama aliyenipiga picha. Akashangaa.

"Mzee, nimekutoa kama bwana harusi! Wenzako huniomba niwafute hata makunyanzi."

"Mimi sikuomba."

"Kwani ulitaka watu waone hilo jeraha?"

Ninyi mngemjibu nini?

Alinipiga nyingine, lakini nilipofika ofisini palikuwa pamefungwa. Kesho alfajiri narudi Kipsing kwa ng'ombe wangu, mikono mitupu.

Ile picha ya kwanza ningali nayo. Nimeitazama jioni nzima. Mtu aliyemo hajawahi kuvamiwa, na ndugu yake yu hai.

Yeye hahitaji bastola.