Tisini na Mbili kwa Wino

Ofisini kwao, fundi mkuu wa umeme aliitwa Hafuti. Hesabu zake aliziandika kwa wino, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwona akikata mstari. Jina hilo lilimvimbisha kichwa, ingawa mbele za watu alijifanya halimpendezi.

Alhamisi mchana alikuwa kwa mama yake, akimkorogea chai. Mama alikuwa kitandani, mrija puani, mashine ya oksijeni ikinguruma pembeni. Mara taa ikafifia. Mashine ikalia kwa kukatakata, kisha ikaendelea. Hafuti akajua: mtaa wa pili, shemeji yake, mume wa dada yake, amewasha mashine mpya za kusaga nafaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeziidhinisha Jumatatu.

Kibao cha transfoma inayolisha mitaa yote miwili kinasema kVA mia, kipimo cha umeme wote inaoweza kubeba. Siku ile alijumlisha kilowati za nyumba na za mashine, akapata tisini na mbili. Hazifiki mia, akasaini. Lakini kVA si kilowati. Mota huvuta umeme mwingi kuliko kazi inayoitoa, kwa hiyo kilowati hugawanywa kwanza, hapa kwa sifuri nukta nane. Yeye mwenyewe huwafokea wanagenzi kila mwaka kwa kosa hilohilo. Akagawa kichwani: mia moja na kumi na tano. Transfoma ikiungua, mitaa yote miwili itakaa gizani hata wiki, na mtungi wa akiba wa mama hutosha saa tatu tu.

Akafika kwa shemeji roho juu.

"Shemeji, zima mashine mbili."

"Na foleni hii? Saini yako si hii hapa ukutani?"

"Zima. Mama anapumulia umeme huohuo."

"Basi transfoma yenu mbovu. Sema ibadilishwe."

Mlango wa kutokea ukawa wazi. Transfoma haina mdomo wa kujitetea. Lakini ingeletwa nyingine ya mia, nayo ingeungua vilevile. Mficha uchi hazai.

"Transfoma ni nzima. Mimi ndiye niliyekosea."

Shemeji akamtazama, kisha akaenda kuzima. Hafuti akabandua karatasi ukutani, akaiweka juu ya gunia, na mbele ya foleni nzima akakata tisini na mbili. Mstari ukaenda kombo.

Akarudi mbio. Mlangoni kwa mama alisimama kwanza, akazuia pumzi yake, asikie kama mashine bado inanguruma.