Mtu wa Depo Aliye Likizo

Mwezi uliopita nilienda kununua simenti kwenye depo moja hapa Baraka, nikakuta mauzo yamesimama. Fundi kutoka Uvira alikuwa anaweka programu mpya kwenye kompyuta. Alishamaliza sehemu ya manunuzi, ya stoku, ya mauzo na ya wateja. Ilibaki ya wafanyakazi, na mama mwenye depo alikuwa anamtajia mmoja mmoja.

"Na ule muzee wa kuchunga stoku," mama akasema. "Alivukaka ziwa kwenda Tanzania wakati ya vita."

"Aliacha kazi tarehe gani?"

"Hakuachaka. Alikimbia."

Fundi akamweleza kwa upole kwamba asiyekuja kazini lazima awe ameacha, ama awe likizo. Mama akatazama ukutani. Kwenye msumari lilining'inia koti la kazi la buluu, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Basi andika iko mu congé."

"Likizo yake itaisha siku gani, mama?"

"Acha hapo wazi."

Jana nilirudi. Muuzaji akaniambia kwamba kila asubuhi kompyuta inasema mfanyakazi mmoja hajarudi likizo, na inauliza kama wamfute. Hakuna anayeruhusiwa kujibu isipokuwa mama. Anavaa miwani, anabonyeza hapana, ndipo mlango wa depo unafunguliwa.

Watu wanalalamika kwamba mashine hizi zinasumbua. Mimi nina kaka aliyevuka ziwa mwaka ule ule. Nyumbani kwetu hakuna kinachotuuliza, na siku hizi hatumtaji.