Muuza Hilsa Aliyekataliwa na Samaki

Nibaran Haldar aliuza samaki soko la Maniktala enzi zile mnunuzi alipofunua shavu la hilsa, samaki kipenzi cha Wabengali, kwa kidole na kubishana mpaka jasho limtoke. Si leo, samaki wanapouzwa ndani ya plastiki kama sabuni. Lakini yeye mwenyewe samaki hakuwa akila. Akionja tu, midomo humvimba na vipele humtoka mwili mzima. Mbengali, tena muuza samaki, akataliwe na samaki? Kwake ilikuwa heri kifo. Karamuni husingizia tumbo, na mkewe Shefali peke yake ndiye aliyeijua siri hiyo.

Mishipa ya moyo ikaziba, akalazwa apasuliwe. Asubuhi hiyo daktari wa usingizi, Bi Guha, alimkuta na Shefali, amezungukwa na shemeji zake, kaka za Shefali.

"Samaki wanakudhuru?"

"Daktari, unamuuliza paka kama maziwa yanamdhuru?"

"Huyu alinyonyeshwa mchuzi wa hilsa," shemeji mmoja akadakia, wote wakaangua kicheko.

Machela ikasukumwa. Shefali akabaki roho juu. Mtu anapasuliwa moyo, samaki wanaulizwa wa nini? Akavua ndara, akatimua mbio ukumbini, kaka zake nyuma yake, akaishika machela mlangoni pa chumba cha upasuaji.

"Daktari, kwa nini uliuliza habari za samaki?"

"Tukipasua tunatia dawa damu isigande, Mama. Tukimaliza tunatia nyingine ya kuizima ile ya kwanza. Hiyo inatokana na manii ya samaki. Mtu mwenye mzio wa samaki inaweza kumwangusha presha ghafla, hata moyo ukasimama."

"Mama Montu, nenda nyumbani," Nibaran akamwambia mkewe kwa ukali.

Shefali aliwatazama kaka zake, kisha daktari. "Hajala samaki tangu anioe. Akila anavimba."

Hakuna aliyecheka.

Jioni Bi Guha alitoka shingo imelowa jasho. "Ile dawa ya samaki tuliidondosha kidogo kidogo, dawa za kupandisha presha ziko tayari. Hata hivyo presha iliporomoka. Tukaisimamisha dawa, tukahangaika naye, akarudi. Bila kujua, tungeitia kwa kasi ya kawaida."

Nibaran alipoweza kusema, alinong'ona, "Uliwaambia."

"Niliwaambia."

"Soko zima litanicheka."

"Na wewe utakuwepo, uwatukane."

Akageukia ukuta, akanuna. Kilipoletwa chakula kile kile cha wodi nzima, shemeji zake wamesimama pale pale, aliusukuma wali wa samaki kando, akamwambia muuguzi, "Niletee yai."