Kitufe cha Kidole Gumba

Leo nimetengeneza mashine mpaka imekuwa nzima kabisa, na najuta.

Mzee Khatibu ana banda la gemu Michenzani. Aliniita kwa swichi moja tu iliyokufa, ya kitufe cha kupigia risasi.

Nkafungua. Lahaula! Mtu katoboa kichwa cha fimbo ya kuongozea, kapachika kitufe pale juu, nyaya kazifunga kwa uzi mwekundu wa cherehani.

Nkajisemea, fundi gani huyu wa ovyo?

Swichi ningeibadilisha kwa dakika kumi. Mimi nkaikata fimbo kwa msumeno, nkatia mpya, kitufe nkakirudisha kulia kama kilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyentuma.

(Mafundi wenzangu, semeni kweli. Nani asingefanya?)

Vipande vya zamani nkavitia kwenye kitambaa nimkabidhi mwenyewe. Ndiyo ada yetu, mtu asije akasema kaibiwa.

Mzee akakaa kujaribu. Kidole gumba cha kushoto kikatafuta kitufe juu ya fimbo, hakipo. Mkono wa kulia umelala pajani, hautikisiki.

"Binti yangu Salma ndiye alokitia pale," akasema, "nlipopooza."

"Basi nipe namba yake, Mzee, anielekeze. Leo leo nakirudisha."

"Salma tumemzika mwezi wa Rajabu."

Akafungua kitambaa, akavitazama vile vipande. Hakunigombeza. Akataka kukifunga tena, kwa mkono mmoja akashindwa.

Ikabidi nimfungie mimi.