Nyuzi za flatwound zinanikatikia kanisani Durban, naambiwa nina mkono mzito

Habari zenu wakuu,

Naandika bado nina hasira, mnivumilie. Ila chumvi sijaongeza hata chembe.

Mimi ni Mtanzania, kazi yangu iko kwenye ghala huko Mobeni, naishi Albert Park. Bass nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video. Nina ugonjwa mmoja: nikikosea noti Jumapili, naibeba moyoni hadi katikati ya wiki.

Ndiyo maana natumia flatwound. Kwa wasiojua, ni nyuzi ambazo waya wake wa nje ni bapa, kidole kinateleza bila ule mkwaruzo. Ni ngumu, na wanaozitumia hukaa nazo miaka.

Zangu zilikuwa zinakatika.

Nilipokelewa kwa majaribio kwenye bendi ya kanisa la Wakongo hapa mtaani. Mkubwa wa bendi ni mpiga kinanda, tunamwita Vieux Didi, yaani Mzee Didi. Alisema wazi kwamba nikishindwa, bass anapewa mpwa wake. Na mimi ile nafasi nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote katika mji huu.

Kule hakuna mambo ya tuner, kile kipimo cha sauti ya nyuzi. Vieux Didi anabonyeza "la", yaani A, kwenye kinanda, wote tunafuata. Nyumbani bass iko sawa, nikifika kanisani iko chini, navuta. Nikirudi nashusha.

Uzi mwembamba, ule wa G, ulikatika mazoezini. Nikaagiza seti nyingine. G ya seti hiyo nayo ikakatika katikati ya sifa, ukanichapa mkono.

"Mutanzania, bass haiko jembe," Vieux Didi alisema, tena kwenye maiki. Kanisa zima likacheka.

Mpiga gitaa la solo, ambaye nyuzi zake ni nyembamba na hazisumbui, akadakia: "Huyu anachimbaka dhahabu."

Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia.

Nilisugua daraja la bass, pale nyuzi zinapolalia, kwa msasa. Nikabadilisha namna ya kufunga nyuzi. Nikaanza kupiga taratibu mpaka sisikiki.

Nikiri jambo. Siku moja kule kanisani nilichungulia tuner ya simu. Napiga A, inasoma B. Nikaamua simu ndiyo mbovu. Ukiwa umejifunza mwenyewe, ukikaa na wanaojua, cha kwanza kukitilia shaka ni sikio lako.

Juzi tulikuwa na mazoezi ya harusi. Uzi ukakatika tena.

Vieux Didi hata hakugeuka. "Basi. Tutaita mpwa wangu."

Nikainuka kuchomoa waya wangu, unaopita nyuma ya kinanda. Ndipo nikakiona kioo chake: Transpose +2.

Wakuu, kinanda kilikuwa kimepandishwa toni nzima, na bendi yote tunavuta nyuzi kukifuata.

"Vieux, hii nini?"

"Iko sauti ya Sister Clarisse. Usiguse."

"Sister Clarisse ni nani?"

Mpiga solo ndiye aliyejibu, huku anatazama chini: "Aliimbishaka zamani. Alishaendaka Canada."

Kinanda kile hakiguswi na mtu. Nikakirudisha sifuri mwenyewe, nikafunga uzi wa akiba, wenye nyuzi tukazishusha, nikasema tuanze.

Mama Neema, anayeimbisha siku hizi, aliimba ubeti mmoja akanyamaza. Nikajua nimekwisha.

"Eish, leo nimepumua," alisema. "Miye nilikuwa nawaza ni uzee."

Vieux Didi akasema, "Sharp, tuendelee," yaani sawa, kwa lugha ya mtaani hapa. Ndiyo hivyo tu. Pole sikupewa, ila mpwa hakuitwa, na harusi nilipiga mimi.

Nilichojifunza: uzi ukikatika, kabla hujaulaumu mkono wako, chunguza unafuata sauti ya nani. Na flatwound usizivute kupita kipimo chake, hazina msamaha. Mimi pia bado sijasamehe.

Nanyi, kwenye bendi au kazini kwenu, kuna kitu kimeachwa vile vile kwa ajili ya mtu aliyeondoka zamani? Mwageni hapa, nasoma zote.